Kiti cha Yai

Mimi na kriketi hatujawahi kupatana. Niliolewa na mtu mmoja, nikaletewa timu nzima. Mume wangu ni fundi wa lifti. Siku za kazi anashinda ndani ya mashimo ya majengo ya watu, kurunzi mdomoni, na siku ya mapumziko anavaa nguo nyeupe pepepe, anakwenda kusimama juani tangu asubuhi akisubiri mpira uje upande wake. Ukija, anaukosa. Kisha anarudi nyumbani kunisimulia alivyoukosa, mpaka napitiwa na usingizi na yeye bado anasimulia. Wenzake wanamwita Redio, na jina limemkaa.

Klabu yenyewe ni ya wageni watupu, watu tuliokuja nchi hii kutafuta kazi tukajikuta hatuna shangazi wala mjomba wa kumtembelea. Ndugu zetu ni hao hao. Kapteni, msimamizi wa ghala la vigae, ndiye kaka mkubwa. Mkewe ndiye anayejua nani kajifungua na nani kanuniana na nani. Msimu hufunguliwa nyasi zinapoanza kuota upya: wanaume wanapaka rangi kibanda cha kubadilishia nguo, sisi wake zao tunaambiwa tulete chai na mikate, na kila mwaka nasema safari hii sileti, na kila mwaka naleta. Katikati ya msimu hapakosi ugomvi mmoja mkubwa na mtoto mmoja mchanga. Baridi ikikaribia wanacheza mechi ya mwisho, tunakula pamoja, tunafunga. Miezi ya baridi wanahamia sebuleni kwangu, wanapaka mafuta magongo yao na kubishana kuhusu mechi ambazo karibu zote walifungwa.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nawapenda. Siku ile nilitamani kuwanyonga mmoja mmoja.

Wana desturi yao. Mpigaji akitolewa bila kupata hata alama moja, wanasema ametaga yai, kwa kuwa sifuri pale ubaoni imefanana na yai. Katika mechi za kawaida anataniwa tu, yanakwisha. Lakini anayetaga siku ya mechi ya mwisho ana adhabu yake. Anakalishwa kwenye kiti cha mwisho wa meza, anavishwa kofia nyeupe ya sufu aliyoifuma mke wa Kapteni, kofia inayoshuka mpaka kwenye masikio, na haruhusiwi kutamka neno, kwa sababu yai halina mdomo. Wala hasemeshwi. Atakayemsemesha anaosha vyombo vyote. Chakula kikiisha, Kapteni anakuja na mwiko, anamgonga nao kichwani, yai linapasuka, na mtu wetu anasimama kutoa hotuba. Watu wazima hao, wengine wana wajukuu.

Miaka yote walikuwa wakimwombea Redio yai. Hebu fikiria, Redio kimya chakula kizima! Kapteni alisema siku hiyo ikifika atalia kwa furaha.

Basi ikafika. Jua la alasiri lilikuwa kali kuliko tulivyotazamia, na zamu ya mume wangu ilipowadia aliiacha kofia yake ngumu kwenye benchi, eti inamchemsha ubongo. Isitoshe, mrushaji wa upande wa pili alikuwa mzee mmoja mpole, anarusha mpira kama anayemtupia mtoto chungwa. Mpira ukagonga kibonge cha udongo, ukaruka ghafla, ukampata juu kidogo ya sikio la kushoto. Mlio wake niliusikia nikiwa kwenye meza ya chai, na birika likanitoka mkononi.

Alikaa chini, mikono magotini. Daktari wa Meno, ambaye ndiye tabibu pekee tuliye naye klabuni, alikimbia akampiga jicho, akamuuliza leo ni siku gani, akamwonyesha vidole avihesabu.

"Vitatu," mume wangu akasema, "na vyote vinanuka karafuu."

Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, nikashusha pumzi. Akasimama, akajikung'uta, akakataa kutoka. Mpira uliofuata ukaviangusha vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda nyuma yake kabla hata hajainua gongo, akawa ametaga yai, na zile kelele zilizozuka, mtu angedhani tumeshinda kombe.

Alipopita karibu yangu nilimshika mkono. "Twende hospitali wakakuangalie."

"Bibie, nikiondoka sasa watasema nimeikimbia kofia," akanijibu. "Kichwa changu unakijua, hakiingii kitu."

Nikamwachia.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoketi. Ukumbi wa klabu ni chumba kirefu chenye meza za kukunja zilizounganishwa, na dirisha moja ambalo halifungi vizuri. Kapteni alimvisha mume wangu kofia kwa heshima zote, akaivuta mpaka chini ya masikio, watu wakapiga makofi. Mume wangu alinikonyeza. Hilo nina hakika nalo, alinikonyeza.

Utani ukaanza. Betri zimekwisha. Mitambo imeharibika, tunaomba radhi. Mmoja akamwekea sikio kifuani akasema anasikia mlio wa mawimbi kwa mbali. Redio alitikisa kichwa, akatoa macho, akafanya vituko vyake kwa uso. Hata mimi nilipata nafasi ya kula kwa utulivu, nikajiambia kumbe ndoa inaweza kuwa na kimya kitamu namna hii. Mungu anisamehe.

Sijui ni nini kilichonifanya nimtazame vizuri. Kazi yangu ni kufundisha watoto wa chekechea, na huko kila siku kuna mmoja mwenye tumbo linalomuuma. Anayejifanya utamjua: akishajikunja, anachungulia kidogo kuona kama unamwangalia. Nilimkazia macho mume wangu nikingoja achungulie. Hakuchungulia. Alikuwa anatazama sahani yake kama kitu ambacho hajawahi kukiona.



Akaokota mkate kwa mkono wa kushoto. Mume wangu hajui hata kukuna pua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala pajani, kiganja juu. Akanywa maji, na maji yakamtoka upande mmoja wa mdomo, yakatiririka mpaka kwenye shati jeupe, asiyapanguse. Meza ikaangua kicheko.

"Tazama anavyojimwagia!" mtu akapiga kelele. "Leo ameamua kutuua!"

Nilimwinamia mke wa Kapteni. "Dada, yule hayuko sawa."

"Anaigiza, mdogo wangu. Mumeo si tunamjua?"

"Mimi pia namjua."

"Basi kula. Ukimsemesha utaosha vyombo, na leo kuna masufuria."

Aibu ni kitu kibaya sana. Nilikuwa na hofu, na bado nikakaa pale kwa muda, nikiogopa kuchekwa. Nikawaza: nikisimama halafu awe kweli anatania, hadithi hii nitasimuliwa msimu mzima wa baridi sebuleni kwangu mwenyewe. Nikapiga moyo konde, nikasimama. Nikapita nyuma ya viti mpaka mwisho wa meza, nikachutama mbele yake.

"Mume wangu, unanisikia?"

Ukumbi ukalipuka. "Vyombo! Vyombo!" Wakapiga meza kwa viganja, glasi zikarukaruka.

Yeye akageuza uso polepole. Jicho moja lilikuwa limeshuka. Na ndani ya macho yale niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake kwa miaka yote, hata siku lifti ilipoporomoka naye: hofu. Alikuwa ananisikia. Alikuwa anataka kusema. Alikuwa amekaa katikati ya watu wanaompenda, akiomba msaada kwa macho, na wao wanampigia makofi.

"Haya, haya, tumpasue mapema, shemeji asije akalia," Kapteni akasema, akaja akicheka, mwiko mkononi, ule mkubwa wa mbao. Akauinua.

Niliruka nikamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. "Ukimgusa nakuua!"

Akadhani na mimi naigiza. Alicheka mpaka aliponitazama usoni. Nikaivua ile kofia. Juu ya sikio, mahali palipogongwa, palikuwa pamevimba, pamekuwa na rangi mbaya, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Muda wote ule sufu ilikuwa imepafunika.

"Redio," Kapteni akamwambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndugu yangu. Mchezo umekwisha. Sema."

Mume wangu akafungua mdomo. Ikatoka sauti moja nzito, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Kule mwisho wa meza ambako hawakuona, bado kuna waliocheka. Kisha na wao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikalisikia lile dirisha likigongagonga.

Nyumbani kwetu, mtu akifikia hali ile wanasema amekata kauli. Na wakishasema hivyo, jamaa huanza kuitana. Neno hilo lilinijia kichwani nikalifukuza, likarudi, nikalifukuza tena.

Daktari wa Meno alikuwa ameshachukua funguo. Alimpachika mkono begani, Kapteni akashika upande wa pili, wakambeba mpaka kwenye gari. Mguu wake mmoja ulitembea, mwingine ulikuwa unaburutwa. Njiani nilimshika ule mkono wa kulia, nikawa naubana, nikiomba na wenyewe unibane, unibane tu kidogo. Ulikuwa na joto na haukuwa na mtu ndani yake.

Hospitali walitupokea haraka. Daktari wa zamu, dada mdogo kiumri aliyefunga nywele kwa mpira, alimulika macho ya mume wangu, akauliza maswali yake bila kututazama. Amegongwa na nini? Alizimia? Ametapika? Tukajibu. Halafu akauliza:

"Ameacha kuongea tangu lini?"

Timu nzima ilikuwa imetufuata, imesimama pale kwenye mlango wa mapokezi na nguo nyeupe zenye madoa ya nyasi. Walikuwa wamekaa naye meza moja, wakimtazama yeye tu, hawajabandua macho. Nikajaribu kukumbuka. Alinikonyeza. Baada ya hapo? Kati ya kukonyeza na yale maji, kuna saa ambayo mume wangu aliingia gizani peke yake, na sisi tulikuwa tunakula.

"Mlikuwa naye au hamkuwa naye?" daktari akauliza.

"Tulikuwa naye," Kapteni akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. "Tulimkataza sisi kusema."

Daktari aliinua macho akatutazama wote, kisha akasukuma kitanda kwenda kumpiga picha ya kichwa. Ilikuwa damu, alisema walipotupita tena na kitanda, damu imekusanyika ndani ya fuvu na inaubana ubongo, lazima waitoe sasa hivi. Milango ikafungwa.

Sitaieleza ile korido. Aliyewahi kukaa kwenye korido kama ile anajua, na asiyewahi, asijue. Nitasema tu kwamba waume kwa wake walikaa sakafuni mpaka kulipopambazuka. Mke wa Kapteni alijaribu kunishika mkono nikauondoa. Baadaye nikamrudishia mwenyewe, kwa sababu sikuwa na mwingine.

Asubuhi daktari yule yule akatoka, amechoka, macho mekundu. Mume wangu alikuwa hai. Mkono unaweza kurudi. Kuhusu maneno, alisema, mahali palipobanwa ndipo maneno yanapokaa, hivyo tungoje tuone.

Nikaingia peke yangu. Walikuwa wamemfunga bandeji kichwa chote, uso umemvimba, lakini macho yalikuwa wazi na yalinifuata tangu mlangoni. Na mimi nikaanza kuongea. Nikamwambia gari la Daktari wa Meno linahitaji matairi. Nikamwambia mwanafunzi wangu mmoja amemeza kifungo. Nikamwambia nje kuna ukungu, baridi imeingia, majirani wanasalimu, wakati hata jirani mmoja nilikuwa sijamwona. Niliongea kuliko alivyowahi kuongea yeye. Nilijua ninachofanya. Nikinyamaza itakuwa zamu yake, na sikutaka kujua.

Muuguzi aliyekuwa akirekebisha mpira wa dripu akaniambia taratibu, "Mama, mpe nafasi."

Nikafunga mdomo. Mume wangu akalamba midomo. Niliona anatafuta, uso mzima unatafuta, kama mtu anayepapasa ukutani gizani. Kisha uso ukatulia, ukafurahi kwamba amepata. Akanitazama kwa upendo wote alionao, akaniita, kwa hakika ya mtu anayetaja jina la mkewe, sauti yake ile ile.

"Sabuni."

Muuguzi akainamisha macho.

"Abee," nikaitika.