Abiria wa Kwenye Jiwe

Asubuhi ile samaki walikuwa wanne. Alal aliwahesabu kwa kidole, kisha akazunguka na kuwahesabu tena kwa upande wa pili, kana kwamba kioo cha upande ule kingemwonea huruma. Wanne. Siku Meja alipolileta lile sanduku la kioo hapa Naguru, sebuleni mwa Ojara, mwana wa Alal, walikuwa saba. Meja mwenyewe aliwataja mmoja mmoja kwa sauti, huku Ojara amesimama wima kama yuko gwarideni.

"Nikirudi nataka kuona yote," alisema, akaenda zake mafunzoni ng'ambo.

Ilikuwa bahari ndogo, yenye chumvi yake na mawe yake. Mwenyewe wa kwanza alikuwa daktari wa Kihindi aliyepewa siku tisini za kuhama nchi kama wenzake, akaondoka na begi moja. Nyumba akapewa Meja. Bahari ikaja kulelewa kwa dereva wake, Sajini Ojara. Na mwaka ule haukuwa wa kumkosea mkubwa. Watu wa kaskazini kama wao walikuwa wakiitwa ofisini kwa mazungumzo ya dakika tano, viatu vyao vya pili vikabaki chini ya kitanda hadi leo. Ojara aliwaona samaki wakipungua. Aliacha tu kula.

Maji yaliletwa na Ogutu, Mkenya wa reli, aliyeyajaza madumuni Mombasa. Mwezi uliopita, kwa agizo la Meja, alileta pia jiwe la matumbawe, na tangu siku hiyo nyumba haikueleweka.

"Ogutu, mwanangu," Alal alimwambia alipotua madumu, "uliniletea jiwe au uliniletea basi?"

"Kwani vipi, mama?"

"Linashusha abiria. Kila nikiamka, sura mpya. Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango, na wageni wanazidi kutoka ndani."

"Yai."

"Yai linatoa mmoja!"

Ogutu alikuna kichwa. "Basi nakupa mji. Chukua Kisumu yote."

"Kisumu nimeichukua," Alal akasema, "lakini jibu sina. Nilidhani wewe unalo."

Walicheka. Tangu alipokuwa msichana, Alal hakuwahi kutega kitendawili asichojua mwisho wake.

Akawachunguza abiria wake kama mtu anayechambua mchele. Kulikuwa na konokono mwenye nyumba nene, asiyekuwa na haraka na mtu. Kulikuwa na kidude cha mikono mitano myembamba, kilichojikunja kila kilipoguswa na mwanga. Kulikuwa na mnyoo mrefu wa manyoya mekundu, aliyetambaa juu ya makombo ya chakula kwa uchoyo. Na kulikuwa na yule aliyempa jina la Bibi Harusi: mdogo kama kidole, mwenye gamba kama kamba wa baharini, rangi zake kama kitenge kipya, macho yamesimama juu ya vijiti, mikono ameikunja kifuani kama anasali. Huyo alichungulia tu tunduni mwake. Alal alimpenda. Kila asubuhi alimdondoshea kipande cha nyama, akamsalimia.

Mwizi, basi, alikuwa mnyoo. Nani mwingine? Alimvuta kwa mkono mtupu, na mkono ukawaka moto. Helen, mkwewe, muuguzi, alikaa naye akiyang'oa yale manyoya kwa plasta, moja baada ya jingine.

"Mama, mbona unamkamata kila mwenye sura mbaya?"

"Si ndivyo mumeo anavyofanya kazini?"

Helen hakucheka. Alibandika plasta nyingine, akaivuta polepole zaidi.

Kesho yake samaki walikuwa watatu.

Alal alikaa mbele ya kioo, mkono umevimba, moyo haujui ushike wapi. Mnyoo alikuwa amekufa bure. Nani aliyebaki? Adhuhuri alifunga mapazia, akalifunika sanduku kwa blanketi ili walio ndani wadhani jua limezama, naye akaingiza kichwa chake chini ya blanketi. Alingoja. Bibi Harusi alitoka tunduni bila kuchungulia, akaenda moja kwa moja kwa konokono, akaikunjua ile mikono ya sala. *Ta!* Nyumba nene ilipasuka kwa pigo moja.

Alal alitoa kichwa nje, akakaa sakafuni. Nyama yote ile. Salamu zote zile.

Alisuka mgono mdogo wa matete, kama migono ya baba yake ya kutegea samaki mtoni, akaupachika kwenye mdomo wa chupa ya jemu na kuweka nyama ndani. Bibi Harusi aliifuata ile nyama. Aliijua harufu ya mkono uliomlea.

Meja alirudi Ijumaa. Alisimama mbele ya kioo, fimbo kwapani.

"Samaki yangu ilikuwa saba. Naona tatu."

Ojara alibana visigino, akapiga saluti. Alal akapita mbele ya mwanawe, chupa mikononi.

"Afande, mlaji ni huyu. Jina lake silijui. Alikuja ndani ya jiwe, nikamwona mzuri, nikamlisha. Kumbe anaua anaoishi nao."

Helen, aliyekuwa akiingia na chai, alisimama mlangoni. Ojara alifumba macho. Ni pale tu, kwa kuwatazama nyuso, Alal alipojua kwamba amesema neno kubwa kuliko samaki.

Meja aliinama. Akagonga chupa kwa ukucha. *Ta!* Bibi Harusi alikipiga kioo kutoka ndani. Meja aliruka nyuma, akautazama mkono wake, kisha akacheka hadi kofia ikainama.

"Hii ni mwanajeshi! Rudisha yeye ndani, mama."

"Na hawa watatu, afande?"

"Samaki iko mingi Mombasa."

Alal aliinamisha chupa juu ya maji. Watatu walikimbilia pembeni, wakabanana. Nyuma yake Ojara naye alikuwa ameanza kucheka. Alal alivijua vicheko vyote vya mwanawe: kile cha kupaliwa na uji, kile cha kukwepa kiboko, kile cha siku alipomleta Helen nyumbani. Hiki hakukijua. Alibaki pale, mgongo ameugeuza, akisikiliza, akijaribu kutambua ni cha nani.