Utepe wa Jumamosi

Sindano ya sita nayo ilitoka kavu. Safina alikuwa amejifungua Jumatano ile asubuhi, na tangu hapo damu haikukoma kumtoka. Mikononi hakuwa na mshipa wa kushikika tena. Chupa ya damu ilining'inia juu yake bure.

"Mwekee mpira wa damu shingoni, Dokta," alisema nesi Zawadi. "Kwa utrasaundi, uuone mshipa. Ufunguo wa chumba si unao?"

Ufunguo anao. Mashine ilikuwa chumba cha tatu, mpya, imezungushiwa utepe mwekundu. Dokta Ismaily akampigia simu mganga mfawidhi, mkubwa wa hospitali.

"Utepe ule ukikatwa leo," mfawidhi alisema taratibu, "Jumamosi mgeni rasmi atakata nini? Si ulisomea kupapasa? Papasa. Halafu, mkataba wako unaisha lini vile?"

Basi akapapasa. Tusifichane, aliogopa, ana watoto na kazi hazipatikani. Alitafuta mapigo ya ateri, mshipa usiotakiwa kuguswa, akachoma pembeni yake. Mara ya kwanza, patupu. Mara ya pili damu ikaja nyekundu ya kung'aa, ikisukuma bomba la sindano kwa mapigo. Alijua papo hapo kuwa ametoboa ateri. Akachomoa, akakandamiza. Shingo ikavimba chini ya vidole vyake, Safina akawa anatafuta pumzi mdomo wazi. Adhana ya adhuhuri ilimkuta keshafunikwa shuka.

Nje, mumewe Abdala, mkata mikoko wa huko deltani, alimshika Ismaily kwa mikono miwili.

"Nimeona ulivyohangaika, mwanangu. Mungu akulipe."

"Amina," Ismaily akaitikia. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akajitia kutazama simu. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Jumamosi palifungwa maturubai, spika zikalia. Mgeni rasmi alikata utepe, akapigiwa vigelegele, kisha akataka kuona mashine inavyofanya kazi. Mfawidhi akaangaza barazani. Abdala, aliyekwisha kumzika mkewe, alikuwa amerudi kumwangalia kichanga wodini, kavaa kanzu safi.

"Huyo anafaa."

Wakamlaza. Ismaily akampaka jeli shingoni. Kwenye skrini likatokea duara jeusi, pana, limetulia. Pembeni yake jingine, dogo, likidunda.

"Huu mpana ndio wa kuwekea mpira," alieleza. "Sindano unaiona inavyoingia. Ni vigumu kukosea."

Watu wakapiga makofi. Abdala alipindua shingo, akaitazama skrini.

"Kumbe mshipa unaonekana hivi," alisema. "Hii mashine imefika lini, Dokta?"

Mfawidhi akamwekea Ismaily mkono begani, uso ukimwelekea mpiga picha. "Mjibu mzee. Mwambie imefika leo."

"Leo," alisema Ismaily. Akachukua pamba, akamfuta jeli shingoni, akafuta tena palipokwisha kukauka. Abdala akamshukuru.