Miche ya Moyo wa Nyati

Genowefa hakuwahi kumnyima mtu mche wa nyanya. Hilo hata maadui zake walimkubalia. Ila mche alikupa pamoja na maneno yake, na ukitaka kimoja ulibeba vyote viwili. Kila mwaka, baridi ikielekea ukingoni na theluji ikiozea uani, wanawake wa kijiji walikuja mmoja mmoja na mabuti yao ya matope, wakasimama mlangoni juu ya kipande cha gunia, wakangoja kusutwa.

"Mwaka jana uliiua," angesema. "Mwaka juzi uliiua. Mikono hiyo Mungu alikupa ya kuchimbia makaburi, si bustani. Haya, shika minne, na usinishukuru. Mche ukishukuriwa hauoti."

Nao walishika, maana nyanya zile kubwa zenye mikunjo, ziitwazo moyo wa nyati, hazikupatikana kwa mtu mwingine. Mbegu aliirithi kwa mama yake. Ukimtoa Genowefa kwenye nyanya zake alibaki mjane mmoja mwenye mdomo, na wajane wenye mdomo kijijini walikuwa tele. Mwenyewe alilijua hilo, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia.

Orofani aliishi mwanawe Radek na mkewe Kalina, mtoto wa mjini Łódź. Miaka yote hiyo chini ya paa moja, na Genowefa hajamwita mkamwana wake kwa jina hata siku moja. Alikuwa "huyo wa juu", au "bibi wa mjini", au "wewe" tu. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema, naye Genowefa alikuwa anangoja kwa hamu. Na kweli, bibi huyo alijitakia. Mwanamke mzima, badala ya kuchemsha kabichi, anakaa dirishani kufuma vikofia vya sufu vya kuyavisha mayai ya kuchemsha, eti yasipoe!

"Kwani yai litashikwa na mafua?" Genowefa alimuuliza mbele ya wageni, na wageni wakacheka hadi machozi. Kalina hakucheka. Alilivisha kikofia yai la mama mkwe wake, akamsogezea.

Kwenye bustani nako alikuwa kituko. Msimu wa mavuno uliopita Genowefa alitupa nyanya iliyopasuka kwenye ndoo ya kuku, na huyo wa juu akaiokota, akaikamua mbegu, akazianika juu ya karatasi ya jikoni.

"Chukua, chukua," Genowefa alimwambia. "Huko kwenu labda mnakula kwa zamu na kuku."

Basi Machi ikaingia kwa ujanja wake: siku mbili za jua, watu wakavua kofia, kisha baridi ikarudi na kung'ata upya. Genowefa aliiona miche yake dirishani imejikunyata, akaionea huruma, huruma ambayo binadamu hakuwahi kuipata kwake. Akalibeba sanduku zima, akaliweka juu ya jiko la vigae la kupashia nyumba joto, akalishindilia jiko kuni za mwaloni, kisha akaketi kutengeneza maua ya karatasi ya Jumapili ya Matawi. Akakunja waridi, akakunja jingine, joto likamlegeza, akasinzia. Alipoamka, chumba kilinuka udongo uliookwa. Miche yote ilikuwa imelala chali, mizizi imeiva.

Mbegu ya akiba hakuwa nayo. Kila mwaka alipanda zote, akisema anayeficha nusu ni mwoga. Alisimama mbele ya jiko, akaogopa jinsi ambavyo hakuwa ameogopa tangu siku ya kumzika mumewe. Akachukua gazeti, akalifunika sanduku.

"Mama, miche vipi?" Radek aliuliza jioni.

"Imelala. Iache."

"Miche inalala?"

"Wewe mbona unalala na hakuna anayekuuliza?"

Jumanne, Kalina alipokwenda kazini posta, Genowefa alipanda ngazi kuifuata miche iliyoota kutokana na zile mbegu za ndoo ya kuku. Hakuwa na nia ya kuomba, la hasha. Mche wa kuiba ndio unaostawi kuliko wote, kila mtu anajua, kwa hiyo kuiba ilikuwa sehemu ya kilimo. Na ile miche, loo! Ilikuwa imepangwa dirishani katika vikombe vya mtindi, mifupi, minene, ya kijani kibichi, yenye manyoya kwenye shina, moyo wa nyati usiochanganywa na kitu. Genowefa aliichukia, na papo hapo akatamani kuipigia magoti. Alikuwa amekwisha kutia vikombe viwili ndani ya aproni aliposikia nyuma yake:

"Mama."

Kalina alikuwa amesahau glavu zake.

"Nimekuja kutazama kama dirisha linavuja," Genowefa alisema.

"Na linavuja?"

"Sana."

"Mpaka ndani ya aproni?"

Kalina akavaa glavu zake taratibu, kidole kwa kidole.

"Basi iba, Mama. Mimi nageukia ukutani, sijaona kitu."

Naye akageuka kweli. Afadhali angepiga kelele! Wizi uliopewa ruhusa ni wizi gani tena? Hiyo ni sadaka, na Genowefa sadaka alizoea kuitoa, hakuzoea kuipokea.

"Au niombe," Kalina aliuambia ukuta. "Nitakupa yote. Niombe tu kwa jina langu."

"Nikuombe wewe? Labda siku punda ataota pembe!"

Akavirudisha vikombe dirishani kwa kishindo, akafyonya, akashuka.

Jumamosi akaja Lucyna, jirani wa karibu na kanisa, ulimi wake ukienda mbio kuliko kengele ya kanisa hilo. Amebeba boksi tupu. Akasimama juu ya gunia, akacheka.

"Haya, Bi Genowefa, nimekuja kutukanwa."

Genowefa alilitazama sanduku lililofunikwa gazeti. Angeweza kumsingizia panya. Angeweza kumwambia arudi Mei, na Mei angemwambia nini? Kijiji kizima kingesema moyo wa nyati umekwisha, umekufia mikononi mwa Genowefa, na huku uko hai juu ya kichwa chake. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mama yake asingemsamehe.

"Mwaka huu sigawi mimi."

"Ebo! Anagawa nani?"

"Huyo wa..." Genowefa alianza, na ulimi ukamsimama. Lucyna akainua nyusi na kungoja, maana umbea wa bure haupatikani kila siku.

"Kalina," akasema. "Mke wa mwanangu. Panda ukamwombe."

Lucyna akapanda. Genowefa akasogea chini ya ngazi, akatega sikio. Alijua atakachosikia: adabu za mjini, karibu dada, kaa dada, kunywa chai dada, na miche kugawiwa ikiwa imevishwa vikofia.

"Viatu!" sauti ya Kalina ikasema. "Hapo hapo. Sakafu yangu siipigi deki kwa ajili yako."

Lucyna akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Minane? Ya nini minane? Nakuona posta unavyonunua maua ya plastiki ya kaburi la mama yako, na hata hayo yanakunyaukia. Mche si mume wako, Lucyna. Ukiusahau wiki nzima hautajipikia uji. Haya, shika mitatu."

Genowefa alishika mbao za ngazi. Hilo la mume na uji hakuwahi kuliwaza, na lilikuwa zuri kuliko yake yote. Akamwonea wivu. Kisha akamsikia Lucyna akicheka, kile kicheko chembamba cha mtu anayecheka kwa kuwa anataka kitu. Genowefa alikuwa amekiibua miaka na miaka mlangoni pake, akidhani watu wanafurahi. Kutoka hapa chini kilisikika vingine, na kilimuuma.

Lucyna akashuka na boksi lake, uso mwekundu.

"Umemfundisha ukamaliza," alisema, akatoka.

"Mama!" Sauti ikatoka juu. "Na wewe unangoja kubebwa?"

Genowefa alipanda, mkono ukutani, akipumzika katikati. Kalina alikuwa mlangoni, naye hakusogea ili apite. Genowefa akasimama alipokuwa amesimama Lucyna, kwenye alama za matope yake.

"Mingapi?"

"Sita."

"Sita! Uichemshe supu?"

Kwa hiyo alijua yaliyoipata miche juu ya jiko. Harufu hupanda ngazi bila kubisha hodi. Maneno yakamjaa Genowefa mdomoni, makali, yaliyonolewa miaka. Akayameza moja baada ya jingine.

"Naomba miche sita, Kalina."

Kalina akamtazama.

"Ulisema utanipa yote," Genowefa akasema.

"Hiyo ilikuwa Jumanne."

Akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili.

"Shika hivi. Pasaka nitashuka kutazama. Nikiikuta hai, utapata mingine."

Genowefa akakinga aproni.