Kikohozi cha Fundi

Mume wangu alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilimkalia kifuani mpaka likamuua. Nasema hivyo kwa sababu nina hasira, wala sioni haya. Nilimwambia afunge kitambaa puani. Akanijibu ana masharubu, yanatosha. Akikohoa namwambia "Pole," kwa ukali, naye hujibu "Nishapoa," hata kama machozi yanamtoka. Nikizidi kulalamika ananichokoza: si wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki? Basi yeye ananipenda mpaka mbavu zinamuuma.

Nilipomkokota hospitali, tulikuta watafiti wanakusanya vikohozi. Ndiyo, vikohozi. Walitaka kuifundisha kompyuta imsikilize mtu akikohoa, iseme huyu ana kifua kikuu, huyu ana pumu, huyu ni vumbi tu. Mzee wangu akakubali. Akakohoa kwenye simu yao, kisha akawaambia hicho ni cha bure, kingine watanunua. Chumba kizima kilicheka, nami nikamkanya aache utani mbele za watu.

Sasa hayupo. Picha zake ninazo tele, za harusi, za karakana, na zote amekunja uso. Sauti ndiyo sina. Simu alikuwa haipendi, hakuacha hata ujumbe mmoja. Na juzi, nikikunja mashati yake, nilijaribu kuisikia sauti yake kichwani, ikagoma kuja. Nikakaa kitandani nikalia, shati mkononi. Nilikuwa nimeshamzika mara moja. Kumzika tena sikuweza.

Ndipo nikaikumbuka ile simu ya watafiti.

Aliyenipokea kule hospitali alikuwa daktari wa kike, kijana, katika kachumba chenye feni iliyokuwa ikinguruma juu ya mafaili. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza. Utafiti umekwisha. Majina yamefutwa ili mtu yeyote asitambulike, zimebaki namba. Na maneno yote ya wagonjwa yamekatwa. Kilichobaki ni kikohozi kitupu. Kumbe ule utani wa mzee walikuwa wameutupa.

"Basi nisikilizishe hicho kikohozi," nikamwambia.

Akasema hata yeye hajui ni kipi. Nikamwambia mwanangu, nimelala kando ya kifua kile tangu wewe hujazaliwa, wewe niwekee tu. Akanikumbusha kwamba ni siri za wagonjwa. Nikamuuliza kikohozi kinamtaja nani. Aliutazama mlango, akaenda kuufunga, kisha akanivalisha spika za masikioni.

Nikasikia vikohozi vya watu. Vikavu, vya makohozi, na kimoja cha mtoto mchanga ambacho nilimwomba akiruke haraka. Kuna kimoja nusura niseme ndicho, nikasita. Kilikuwa cha mtu anayejihurumia, na mzee wangu hakuwa na tabia hiyo. Vikaja vingine, vikapita. Hofu ikaanza kunipanda kwamba hata kikohozi chake nimekisahau. Daktari akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia aendelee.

Kisha kikaja. Kwanza ule mguno, kama mtu anayesukuma kabati zito, halafu kikohozi chenyewe, halafu ile pumzi ya kuvuta ndani inayopiga mluzi. Alikuwa hapo, sikioni pangu, na ubishi wake wote. Kabla sijawaza lolote, mdomo ulishafunguka.

"Pole," nikasema, kwa ukali uleule.

Nikangoja. Hapakuwa na kitu tena; walikuwa wamekata papo hapo. Feni ilikuwa inazunguka. Daktari alikuwa ananitazama, macho yamemjaa, hajui aushike mkono wangu au auache.

"Nikirudie, mama?"

"Kirudie," nikamwambia. "Hajanijibu bado."