Kofia za Njiti

Kila asubuhi, nikishamaliza vyombo vya nyumbani, nilivuka barabara kwenda kwa Mama Walburga, nikaketi kwenye kigoda barazani pake na kunyoosha mikono mbele. Yeye alifumua, mimi nilishika. Uzi ulitoka kwenye sweta kuukuu mapajani mwake, ukaja kuzunguka mikono yangu mpaka mabega yakaingia ganzi. Hatukuzungumza sana. Mimi si msemaji, na yeye alipenda kusikiliza uzi unavyoachia.

Asubuhi moja ya Julai 1994 uzi haukuachia. Kilitoka kipande cha urefu wa mkono, kikakatika. Akatafuta ncha nyingine, akavuta, nayo ikakatika vilevile.

"Mwalimu," aliniita hivyo ingawa sikuwa na shule ya kufundisha, "sweta hili ulichagua wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Uliligeuza?"

Akaligeuza mwenyewe, akanionyesha mshono wa ubavuni. Sweta la kufumuliwa huwa limefumwa kila upande peke yake, kisha pande zikaunganishwa kwa uzi. Ukiuondoa uzi huo, kila upande unafumuka mfululizo hadi mwisho. Hili lilikuwa limekatwa kwa mkasi kama kitambaa na kushonwa kwa cherehani. Kila mstari ulikuwa umekatwa huku na huku.

"Miaka miwili ya ualimu," akasema, "hawakuwafundisha kugeuza nguo?"

Kugeuza nilijua. Lakini Dada Sharifa, Myao wa Tunduru aliyeuza mitumba sokoni, alikuwa ananitania mbele ya wateja, akiniuliza nitaolewa lini, nami nikaona haya kulikagua sweta lake kama ninayemshuku. Nililikunja nikaondoka.

Tulikuwa bado tunalitazama sweta lile aliposimama mtu uani na baiskeli. Alikuwa Saimon, mume wa Hilda, mfumaji mwenzetu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa manyunyu hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi hii?"

"Hilda amejifungua alfajiri."

Mama Walburga aliliweka sweta chini. "Amejifungua vipi na mimba ya miezi saba?"

"Wa kike. Yupo hai." Saimon alinyoosha kiganja, akagusa ncha za vidole, kisha akagusa katikati ya mkono kuonyesha urefu wake. "Nesi anasema tupeleke kofia. Anasema, ninyi si ndio akina mama wa kofia?"

"Nenda ukamtafutie uji," Mama Walburga akamwambia. "Kofia italetwa."

Akapanda baiskeli akaenda zake, na nadhani alikwenda akiwa ameridhika. Sisi ndio tuliokuwa akina mama wa kofia kweli. Tulikuwa wanawake wanane wa mtaa wa Lizaboni, mimi peke yangu nikiwa sijaolewa. Miaka mitatu nyuma Mama Walburga alikwenda wodi ya wazazi kumwona jirani, akakuta mtoto njiti amevishwa soksi ya babaye kichwani. Alirudi akaanza kufuma kwa kroshia, nasi tukamfuata mmoja mmoja. Mimi nilijiunga nilipomaliza chuo na kuambiwa ajira za walimu zimesimamishwa, nisubiri barua. Nilisubiri barua huku nikishika uzi.

Zamani nyuzi zilipatikana duka la ushirika. Duka likafungwa. Madukani zikaja nyuzi za bei ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiweza, na sokoni yakaja marobota ya mitumba, basi tukajifunza kufumua. Hospitalini nako ukaanza uchangiaji. Mzazi alitakiwa aende na glovu zake, wembe wake, na kanga za kumfunika mtoto. Kofia tulizopeleka kila mwisho wa mwezi hazikubaki wodini, kwa sababu kila mtoto aliondoka na ya kwake. Ilikuwa tarehe ishirini na saba. Wodini zilikuwa zimekwisha.

Kwetu hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa chumbani kwa Mama Walburga, kwenye boksi la sabuni, zimepangwa ishirini na tatu. Zote zilikuwa nyeupe, za mfumo mmoja, kwa sababu tangu mwanzo alisema asiwepo mama wa kuona kofia ya mwenziwe ni nzuri zaidi. Niliinuka kwenda kuchukua moja.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nusu ya zile amefuma Hilda. Unajua zipi?"

Nilifikiri. Hilda ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko sote, lakini kofia za mfumo mmoja zikishafuliwa hazina mkono wa mtu. "Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Basi."

Alikuwa na haki ya kusema basi, kwa jinsi tulivyolelewa. Mama hatengenezi nguo ya mtoto aliye tumboni. Hanunui, hashoni, hafumi. Mwaka juzi mimba ya kwanza ya Hilda ilipotoka, watu walikumbuka kwamba alikuwa ameshanunua shuka. Safari hii alipogundua ana mimba alitaka kuacha kikundi, na ni Mama Walburga aliyemwambia abaki. "Unafumia watoto wa wengine," alimwambia. "Za wengine ni za wengine." Sasa kama tungetoa moja ya zile, na ikawa ni kazi ya Hilda, ingekuwa amemfumia wa kwake.

"Nenda kwa Sharifa," akasema. "Lete sweta jeupe lenye mshono wa uzi. Uligeuze."

Nilikwenda sokoni mbiombio. Baridi ya Julai ilikuwa ile ya ukungu usioondoka mpaka saa tano. Dada Sharifa alikuwa amejifunga kanga kichwani, anapanga suruali juu ya turubai.

"Umerudi, Mwalimu? Sweta limekubana?"

"Nataka lingine. Jeupe." Nikamweleza kuhusu Hilda, kwa maneno machache.

Uso wake ukabadilika. Alipekua rundo lote, akageuza masweta saba yeye mwenyewe, akanionyesha mishono. Yote yalikuwa ya mkasi. Kisha akaingiza mkono chini ya meza akatoa kikofia cha mtoto, cha manjano, laini.

"Chukua hiki. Hiki si biashara. Mpelekee moja kwa moja hospitali, usipitie popote."

"Mama Walburga ananisubiri."

"Astaghfirullah, mtoto anapigwa baridi, ninyi mnatafuta mshono? Mwanamke mzima wewe, una miguu, nenda."

Ningekwenda. Njia ya hospitali ilikuwa mbele yangu. Lakini nilimfikiria Mama Walburga barazani, nikamfikiria Hilda akiniuliza kofia imetoka wapi, nikarudi Lizaboni.

Mama Walburga alikishika kile kikofia kwa vidole viwili. "Kafa ulaya," akasema. "Unajua aliyekivaa alikufa au alipona? Kichanga wa saa sita unamvika kitu kama hicho?" Alikuwa na imani yake, na haikuwa ya ukatili. Nguo ya mtumba ina mwenyewe. Lakini ukiifumua, ukauchemsha uzi na kuuanika, uzi hauna mwenyewe tena, na ukifumwa upya ni kitu kipya. Hivyo ndivyo alivyotufundisha, na kofia zote tulizowahi kupeleka zilikuwa hivyo.

Basi tukarudi kwenye vile vipande. Tulifumua upande wa mgongo, tukachemsha, tukaanika juu ya jiko la mkaa kwa sababu jua halikuwepo. Ilikuwa saa sita na nusu uzi ulipokauka kiasi cha kufumika. Mama Walburga alifuma, mimi niliunga. Kila baada ya mizunguko miwili nilifunga fundo, naye alilirudisha nyuma kwa sindano na kulificha ndani, maana kichwa cha njiti ni laini, fundo linaacha alama.

Kulikuwa na jambo nililolifikiri wakati ule, na nimelifikiri kila siku tangu siku ile. Nililifikiri nilipofunga fundo la tatu au la nne. Chumbani kuna kofia ishirini na tatu. Tuchukue moja, yoyote, tuifumue. Uzi wake ni mzima, umeshachemshwa, hauna kipande. Tukiifumua haitakuwa ya Hilda, haitakuwa ya mtu, kwa sheria yake mwenyewe Mama Walburga. Tuifume upya. Ni kazi ya saa moja, au chini ya hapo.

Niliona wazi kabisa. Lilikuwa mdomoni. Nilimtazama alivyoinama, midomo yake ikihesabu matundu, nikasubiri amalize mzunguko. Akamaliza, akaanza mwingine. Nikaona kwamba nikisema sasa nitakuwa namwambia saa zote hizi tulizopoteza ni kosa lake, mtu wa umri wa bibi yangu, aliyefuma kofia kabla mimi sijajua kushika sindano. Nikafunga fundo jingine. Kisha nikajiambia tumeshafika nusu, haina maana tena kusema.

Saa tisa na dakika kumi kofia ilikwisha. Niliifunga kwenye leso na kukimbia.

Hilda alikuwa amelala ubavu, ameutazama ukuta. Kitanda cha pili kilikuwa na mama mwingine aliyeshusha macho aliponiona. Nesi alinitoa nje akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema ni wa kikundi cha kofia.

"Alipoa," akasema. "Saa nane na nusu. Mama yake alimweka kifuani muda wote, lakini alipoa." Aliitazama leso mkononi mwangu. "Iache tu. Kuna pacha wameletwa mchana huu."

Nikamwachia. Sikuingia tena kumwona Hilda. Nilirudi kwa njia ya nyuma, nisipite sokoni.

Mtoto alizikwa kesho yake. Mama Walburga alipika msibani siku tatu, na mwisho wa mwezi tulipeleka kofia zote wodini kama kawaida. Mvua zilikuwa bado. Barua yangu ya ajira haikuja, na sikwenda tena ofisi ya elimu kuuliza. Kila asubuhi nilikwenda kunyoosha mikono.

Hilda alirudi mwishoni mwa Septemba. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akaketi mahali pake karibu na mlango, na hakutoa sindano. Tulikuwa watatu tu barazani, yeye, Mama Walburga na mimi.

"Nimekuja kurudisha hii," akasema, akaweka sindano ya kroshia juu ya mkeka. Ilikuwa ya kikundi.

"Kwa nini, mwanangu?" Mama Walburga akauliza.

"Mama mkwe anasema nilifuma nikiwa na mimba. Anasema nilijua, nikaendelea. Saimon hasemi kitu, lakini na yeye anaitazama mikono yangu nikimpa chakula." Alizungumza taratibu, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. "Mimi sijakataa. Nimekaa na mambo haya miezi miwili, naona ni kweli. Kufuma nimeacha. Na kuzaa, nikisaidiwa na Mungu, nimeacha."

Mama Walburga aliokota sindano ile akaifuta kwa kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ila nataka kujua jambo moja," Hilda akasema. "Siku ile nesi aliniambia kofia inakuja. Nilisubiri tangu asubuhi. Nilikuwa nimemfunika kichwa kwa kiganja changu, hiki, mpaka kikafa ganzi. Boksi lilikuwa halina kitu?"

Nilimwona Mama Walburga akiangalia mlango wa chumba chake. Alikuwa amezeeka katika miezi ile miwili, nami nilikuwa ninaona, na sikuwahi kumwambia neno.

"Lilikuwa tupu, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana tulichelewa."

Hilda akaitikia kwa kichwa. "Basi ni mimi," akasema, akaanza kuinuka, akijishika ukutani kwa mkono ule ule.

Mikono yangu ilikuwa na uzi. Sikujua nitauweka wapi, kwa hiyo nilisema nikiwa nimeinyoosha hivyo hivyo.

"Halikuwa tupu, da Hilda. Zilikuwemo nyingi. Tuliogopa kukupa kwa sababu hatukujua ipi ni ya mkono wako. Mimi nilijua la kufanya. Tungefumua moja, tukaifuma upya, ingefika mtoto akiwa bado hai. Nilijua na muda ulikuwepo, nikaona haya kumwambia mama. Si mikono yako. Ni mdomo wangu."