Mashine ya Kaka na Kitambaa cha Mama

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kumficha mtu. Kwa hiyo siku kompyuta ya studio ilipoganda kwenye sura ya bibi harusi, mdomo wazi, macho yamepinda, nilipiga meza kwa kiganja nikasema, "Basi! Yatosha! Jumatatu namwita mtu wa vyuma chakavu."

Wifi yangu alikuwa ameketi sakafuni anakunja nyaya. Ni mjane wa kaka yangu, mtu wa maneno machache, tofauti kabisa na ukoo wetu. Hakunyanyua hata kichwa.

"Wifi, hiyo mashine haijachoka," akasema. "Imezoeshwa kutembea tu. Hakuna aliyewahi kuikimbiza."

"Ikimbie iende wapi, na uzee huo?"

"Ng'ombe hazeeki maini, wifi."

Nikaguna. Kompyuta ile kaka aliijenga kwa mikono yake, kipande hiki kutoka huku, kile kutoka kule. Sanduku alilitoboa juu na kupachika feni kubwa ya kutolea joto. Tulipomzika, studio ya video ikabaki mikononi mwangu, mashine ikabaki mezani, na wifi akabaki nasi. Nilidhani kazi yake ni kushika taa. Mteja mmoja mtundu alikuwa akiingia anauliza, "Wifi ipo?" nami namjibu, "Ipo, lakini haina kasi," tunacheka, na yeye anatabasamu kidogo na kuendelea kukunja nyaya.

Mama naye alikuwa na zamu yake. Alifuma kitambaa cheupe cha maua, kizito, na kila kioo cha kompyuta kikizimika alikuja kulifunika lile sanduku. Kaka ndiye aliyemwachia kazi hiyo. "Mama, nikizima nifunikie, vumbi ndilo adui yangu." Sisi tukija tunakitoa, tunakikunja, tunaketi. Kitambaa kile tulikizoea kama mtu anavyoizoea pua yake.

Sasa, tulikuwa na filamu ya mahafali ya chuo cha uuguzi. Ilitakiwa ionyeshwe ukumbini Jumamosi mchana, wazazi wote wakiwepo. Kukata picha tulikuwa tumemaliza. Ilibaki hatua ya mwisho, ambayo sisi wa kazi hii tunaiita kuipika: kompyuta inaunganisha picha, sauti na maandishi viwe filamu moja. Kazi hiyo inaibeba prosesa, yaani ubongo wa mashine, na ubongo wetu ulikuwa wa zama za kale. Kwa mwendo ule, Jumamosi ingetukuta bado tunapika.

"Nipe mimi," wifi akasema. "Ikishindwa, mwite huyo mtu wako wa vyuma. Nami nitafunga mizigo nirudi kwetu."

"Na wewe kurudi kwenu kunaingiaje hapa?"

"Mume sina, mtoto sikujaliwa. Kilichonibakiza kwenye nyumba hii ni hiyo mashine. Ikitoka, nitakaa kama nani?"

Nikasogeza kiti akaketi.

Jamani, nimewaona mafundi. Nimewaona wanaopiga piga sanduku kama ngoma, wanaozima na kuwasha mpaka swichi inachoka. Sijaona mtu wa namna ile. Kwanza alifungua sanduku akapuliza vumbi lote, mpaka nikapiga chafya. Akaing'oa feni ya prosesa, akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kama ugoro, akapaka mpya, nyembamba, kwa ncha ya kidole kilichofungwa nailoni. Juu yake akafunga feni kubwa aliyoinyofoa kwenye mashine iliyokufa zamani.

Kisha akaingia kwenye ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akapandisha kasi. Kidogo tu! Mimi ningepandisha mpaka mwisho nione kitakachotokea.

"Ongeza bwana," nikamwambia. "Unaibembeleza kama mtoto mchanga."

"Chumvi ukishaizidisha, wifi, mchuzi hauliki."

Akaiwasha, akaipa jaribio zito, programu ya kuitesa tu prosesa, na akakaa pale pale macho kwenye joto. Ikivumilia, anapandisha tena. Ikiganda, anaongeza umeme wa prosesa punje moja, anajaribu upya. Joto likitaka kupita pale alipopaweka mpaka, anarudi nyuma bila kinyongo. Hatimaye akafika mahali mashine ilikuwa inakimbia kwelikweli, haitetemeki. Nikapiga kigelegele. Yeye akaingia tena ndani na kupunguza kasi kidogo.

"We! Unaharibu nini tena?"

"Pale juu inaweza kufika. Hapa inaweza kuishi," akasema.

Neno hilo lilinikaa. Mimi maisha yangu yote nimeishi pale juu.

Tukaweka filamu ipikwe. Ilikwenda mbio mpaka nikaona haya kwa maneno niliyoitupia. Tukaondoka kwenda kula, tukaiacha yenyewe, na kioo kikazimika kama kinavyozimika kisipoguswa. Tuliporudi, nikatoa kitambaa, nikakikunja, nikagusa kipanya. Kimya. Mashine ilikuwa imejizima katikati ya kazi, na sanduku lilikuwa la moto.

Nilifoka! Nikasema yote, na mengine ya ziada. Ningejua ningeiacha itembee! Wifi akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akashusha kasi hatua nyingine, tukaanza upya. Kesho yake tukaenda kula, tukarudi, nikatoa kitambaa, nikakikunja. Imejizima tena. Na kesho ya hapo ilikuwa Jumamosi.

"Funga mizigo," nikamwambia. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Macho yake yalijaa maji. "Nikiwepo, haizimi," akasema taratibu. "Nimeitesa na jaribio zito kuliko filamu, nikiwa nimekaa hapa, haikuzima. Sisi tukitoka ndiyo inapata joto. Kosa haliko kwenye kasi, wifi. Liko chumbani humu."

Jumamosi asubuhi akaiwasha tena, kasi ile ile aliyoichagua kwanza, hakushusha hata chembe. Safari hii hakutoka. Alikaa nyuma ya mlango, na mimi niliporudi na chai akanishika mkono na kuweka kidole mdomoni. Kioo kilikuwa kimezimika. Feni ilikuwa inavuma, lakini masikio ya mama yalishapungua siku nyingi.

Mama akaingia na kitambaa chake. Akakitandaza juu ya sanduku, juu ya lile tundu alilolitoboa kaka, akavuta pembe zote zikae sawa. Kisha akaligonga gonga sanduku kwa kiganja, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Pumzika, baba," akasema. "Umefanya kazi sana."

Hasira zangu zote ziliniishia miguuni. Mara mbili nimekitoa kitambaa kile kwa mikono yangu mwenyewe, nikakikunja vizuri, nikageuka kumtukana mjane wa kaka yangu.

Mimi ningepayuka. Wifi hakupayuka. Alisogea, akaushika mkono wa mama, akauingiza chini ya kitambaa, juu ya feni.

"Mama," akamwambia sikioni kwa sauti, "haijalala. Inafanya kazi."

Mama akauacha mkono pale. Upepo wa moto ulikuwa unampiga kiganjani.

"Inapumua," akasema.

"Inapumua, mama."

Akakivuta kitambaa mwenyewe. Akakaa kitini, amekipakata, na hakutoka mpaka filamu ilipoiva. Kila mara aliuliza, "Bado inakimbia?" na wifi akajibu, "Bado, mama." Tuliifikisha ukumbini watu wakiwa ndio wanaketi. Wauguzi walijiona, wakapiga makofi, mimi nikalia kama ni mahafali yangu.

Kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshampigia yule mtu wa vyuma chakavu, nikasahau kabisa kumkataza. Jumatatu akaja na mkokoteni wake, akabisha hodi. Nikiwa ndani natafuta viatu, nikamsikia mama amenitangulia mlangoni.

"Umekosea nyumba, mwanangu," anamwambia. "Hapa hakuna chakavu. Hapa kuna mashine ya mwanangu, na mwenyewe sasa ni mkwe wangu, yuko ndani anaifanyia kazi."

Nikachungulia studio. Wifi alikuwa amesimamisha vidole juu ya kibodi. Alikuwa amesikia.