Mbao za Mringaringa

Mringaringa wa mzee yule uling'olewa na upepo, ukalala uani na maua yake meupe bado yako kwenye matawi. Mzee alikuwa karani mstaafu, hajui randa wala patasi, akaniita mimi seremala nije niupasue mbao. Siku hiyohiyo nikamwambia nampenda binti yake. Sikuona sababu ya kuzunguka mbuyu.

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Nitakuoza," akasema. "Ila kwanza utengeneze kitanda chenu kwa mti huu. Nakitaka mwezi ujao."

Mwingine angeitikia hapohapo. Mimi nina ugonjwa wa kusema kweli kuhusu mbao.

"Mzee, hizi ni mbichi. Nikiziunga sasa zitapinda na kupasuka. Zinataka mwaka mzima."

"Basi mwaka," akajibu haraka. Haraka mno, lakini ukipenda, chongo huita kengeza.

Nikapasua. Nikazipanga kando ya ukuta, vijiti katikati ya kila ubao na ubao ili hewa ipite, ncha zake nikazipaka rangi zisichanike. Kila Jumapili nilikwenda kuzigeuza, za juu zikashuka chini, za chini zikapanda juu. Mvua ikinyesha siku ya kazi, niliacha msumeno karakanani nikakimbia na turubai kama mwendawazimu. Wenzangu wakaniita Bwana Harusi wa Mbao. Niliwajibu kwamba subira huvuta heri. Siku hizo nilikuwa na majibu.

Na binti alikuwa akileta chai. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniuliza ubao upi utakuwa wa kichwani. Nikamwonyesha ule wenye mistari ya kahawia. Akauwekea kiganja, akaupapasa taratibu. Kiganja kile kilinitosha mwezi mzima, mjinga mimi.

Jumapili ya mwisho nilivaa shati lililopigwa pasi. Nikainua ubao, mwepesi. Nikaugonga kwa kidole, ukalia vizuri. Nikamwita mzee kwa furaha.

Alitoka na binti yake nyuma.

"Zimekauka, mzee."

"Vizuri. Harusi mwezi ujao. Mumewe ni mrefu, kwa hiyo kitanda kiwe futi saba."

Nikauliza mume wa nani. Akanieleza bila kupepesa macho: mhandisi, mtu na gari lake, posa yake ilipokelewa miezi kumi iliyopita. Miezi kumi! Nikahesabu Jumapili zangu nikashindwa. Nikamgeukia binti.

"Ulijua?"

"Baba alisema tukikwambia utaacha kuja kuzigeuza," akajibu. "Na kweli ungeacha, kaka."

Kaka. Mwaka mzima hakuniita kaka hata mara moja.

Hasira ilinipanda, nikatamani kibiriti. Nilikuwa na matusi ya kutosha ukoo mzima. Lakini ulimi uliponifunguka, kilichotoka kilikuwa cha useremala tu.

"Hazifiki futi saba. Nilizipasua za futi sita."

"Kwa nini sita?"

"Mimi na yeye zingetutosha."

Mzee akaguna, akazizunguka mbao zangu mara moja, akazipiga teke dogo kuona kama zimekaa imara.

"Ubao hauwezi kurefushwa?"

"Hauvutwi kama mpira, mzee."

"Basi kitanda tutanunua dukani. Mradi zipo na wewe upo, tutengenezee banda la kuku."

Nilimtazama binti. Sikutaka anipende tena, hilo lilikwisha. Nilitaka neno moja tu, aseme kwamba mbao hizi ni nzuri mno kuwekewa kuku. Angelisema, ningeondoka na heshima yangu, na pengine ningemsamehe kabla ya kufika nyumbani.

Alizitazama mbao, akautazama ua, akafikiri kwa makini kabisa.

"Mlango uelekee jikoni, kaka," akasema, "Mama asisumbuke kufuata mayai."